Uwezekano: kusaka kosa kwenye hoja, si kwenye jibu

Katika hesabu za kawaida, mwanafunzi akipotea njia, jibu humuumbua. Kwenye uwezekano mambo si hivyo. Mwulize mwanafunzi: sarafu imetoa kichwa mara tano mfululizo, uwezekano wa kichwa mara ya sita ni upi? Atajibu nusu, nawe utampa alama. Mwambie sasa aweke dau la peremende zake, naye ataziweka zote kwenye mwenge, maana "mwenge haujatoka muda mrefu". Jibu alilokariri na imani anayoitumia havijawahi kukutana kichwani mwake.

Kwa hiyo mwongozo huu unapanga hitilafu kwa kufuata sentensi ambazo watu huzitamka. Sikiliza sentensi, itakupeleka kwenye chanzo. Nimeuandika kwanza kwa mwalimu wa sekondari, lakini mifano mingi ni ya zahanati, shamba na kubeti, kwa sababu huko ndiko makosa haya yanakoumiza watu.

Kuna swali moja utakaloliona likirudi katika karibu kila tiba: *kati ya ngapi, na hao wote wamepatikanaje?* Uwezekano ni sehemu, na watu wengi huikimbilia namba ya juu, yaani kiasi, bila kuitazama asili iliyo chini yake. Makosa mengi hapa chini ni makosa ya asili.

"Ama litokee, ama lisitokee. Nusu kwa nusu."

Hii hujitokeza mapema kuliko zote, na ndiyo sugu kuliko zote. Anayeisema amehesabu majina ya matokeo, hakuhesabu matokeo yenyewe. Mpe sarafu mbili azirushe pamoja, atakuambia: vichwa viwili, mienge miwili, au mchanganyiko, mambo matatu, basi kila moja ni moja ya tatu.

Usimcheke. Jean le Rond d'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1754 katika *Encyclopédie* kwamba ukirusha sarafu mara mbili, uwezekano wa kupata kichwa angalau mara moja ni 2/3. Hoja yake ilikuwa hii: kichwa kikitoka mara ya kwanza mchezo umekwisha, kwa hiyo ziko hali tatu tu, yaani kichwa, mwenge kisha kichwa, na mwenge kisha mwenge. Mbili kati ya tatu zinashinda. Hali hizo tatu ni za kweli, ila hazina uzito sawa. Ya kwanza peke yake ina 1/2. Mbili zilizobaki zina 1/4 kila moja. Jibu sahihi ni 3/4.

Shuleni, chanzo mara nyingi ni fasili tunayoiandika ubaoni: "idadi ya matokeo yanayotakiwa, gawanya kwa idadi ya matokeo yote." Maneno manne yamedondoka njiani: *yenye uzito ulio sawa*. Bila maneno hayo, fasili inamfundisha mwanafunzi kosa lilelile la d'Alembert, na inamfundisha kwa mamlaka ya mwalimu.

Tiba ni kuzitofautisha sarafu. Chukua ya shilingi 100 na ya shilingi 200. Sasa "mchanganyiko" unaonekana wazi kuwa ni mambo mawili: kichwa kwenye mia na mwenge kwenye mia mbili, au kinyume chake. Fanya vilevile kwa dadu mbili, moja nyekundu, moja nyeupe, kisha uliza kipi ni rahisi kutokea: tano na sita, au sita na sita? Wengi watasema ni sawa, "kwa sababu yote ni bahati". Mtafiti wa Ufaransa Marie-Paule Lecoutre alionyesha mwaka 1992 kwamba hata watu waliokwisha kusoma uwezekano huteleza hapa. Tano na sita ina njia mbili kati ya 36. Sita na sita ina njia moja.

Hapa kuna mtego ambao walimu wengi huuingia. Mwalimu anasema, "Tujaribu tuone," kila kundi linarusha sarafu mbili mara 20, halafu kundi moja linaleta michanganyiko 7 tu. Ni namba inayokaribia theluthi kuliko nusu! Mwanafunzi anaondoka akiwa na ushahidi wa kosa lake. Hilo si bahati mbaya ya nadra: kwa marusho 20, kama kundi moja kati ya manne litapata michanganyiko 8 au pungufu, wakati nadharia inasema 10. Marusho 20 hayatoshi kutenganisha nusu na theluthi. Kusanya ya darasa zima. Wanafunzi 40, kila mmoja marusho 25, ni marusho 1,000. Michanganyiko itazunguka karibu na 500, mara nyingi kati ya 470 na 530, na ile 333 ya mwenye kosa itabaki mbali sana, haina pa kujificha. Andika jumla ubaoni inavyokua, kundi baada ya kundi. Kule kutulia kwa namba ndilo somo lenyewe.

"Sasa zamu yake imefika."

Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye nyumba ya kamari ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti lilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyozidi kutoka ndivyo watu walivyozidi kumwaga fedha kwenye nyekundu, wakiamini kwamba lazima sasa igeuke. Gurudumu halina kumbukumbu. Walifilisika.

Lakini sihitaji Monte Carlo. Hoja hiyohiyo ipo majumbani kwetu, na inahusu watoto. Baba na mama wote wana AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa. Wanaambiwa kliniki: "Uwezekano wa kupata mtoto mwenye SS, yaani mwenye vinasaba viwili na anayeumwa, ni mmoja kati ya wanne." Wanaye tayari mtoto mmoja anayeumwa. Wanaondoka wakijipa moyo: mmoja wetu ndiye huyu, watatu wanaofuata watakuwa salama. Wameisikia "mmoja kati ya wanne" kama foleni, kana kwamba ugonjwa una nafasi moja kwa kila watoto wanne na nafasi hiyo imekwisha kujazwa.

Kila mimba inaanza upya na 1/4 yake. Kwa wazazi hao, uwezekano wa watoto wanne wote kukwepa SS ni 3/4 mara nne ikizidishwa yenyewe, yaani 81/256, kama asilimia 32. Katika familia tatu za watoto wanne, moja hivi haitakuwa na mtoto mgonjwa hata mmoja, na baadhi ya zile nyingine zitakuwa na wawili au zaidi. Ushauri wangu kwa yeyote anayetoa maelezo haya, awe mwalimu wa biolojia au mhudumu wa afya: usiseme "mmoja kati ya wanne" ukanyamaza. Sema "kila ujauzito, peke yake, una nafasi moja kati ya nne, na mtoto aliyetangulia habadilishi chochote". Sentensi ndefu kidogo, lakini inaweza kugeuza uamuzi wa familia.

Shuleni kosa hili lina mzazi wake, nalo ni neno "zitasawazishana". Tunafundisha kwamba marusho yakiwa mengi, vichwa hukaribia nusu, na mwanafunzi anaelewa kwamba sarafu hulipa deni. Mwonyeshe kwa namba. Tuseme marusho 10 ya kwanza yote ni vichwa. Ukirusha mara 1,000 nyingine, tegemea vichwa 500 katika hizo. Jumla ni 510 kati ya 1,010, yaani asilimia 50.5. Vile vichwa vya ziada havikulipwa, vimemezwa tu na wingi. Asilimia imekaribia nusu ilhali ziada ipo palepale.

Angalizo mbili, ili tiba isizidi ugonjwa. Ukichota gololi kwenye mfuko bila kuzirudisha, au ukigawa karata, "zamu yake imefika" ni hoja sahihi kabisa, kwa sababu kilichotoka kimepunguza kilichobaki. Mwanafunzi lazima aulize kwanza: je, vinarudishwa? Na ukiona sarafu usiyoijua imetoa kichwa mara 20 mfululizo, usishikilie nusu kwa ukaidi. Hapo mwenye akili anaikagua sarafu.

"Moja ya sita, mara nne, ni nne ya sita."

Kujumlisha mahali pa kuzidisha. Ukirusha dadu mara nne, je, uwezekano wa kupata sita angalau mara moja ni 4/6? Jaribu hoja hiyo kwa marusho saba, utapata 7/6, na hakuna uwezekano unaozidi moja. Kipimo hicho kinatosha kumfanya mwanafunzi asimame.

Njia ni kuhesabu kinyume chake: kukosa sita mara nne ni 625/1296, kwa hiyo kupata angalau moja ni 671/1296, karibu asilimia 51.8. Mcheza kamari wa Ufaransa aliyejulikana kama Chevalier de Méré alidhani kwamba kwa dadu mbili, marusho 24 yatampa sita-sita kwa ubora uleule, maana 24/36 ni sawa na 4/6. Kumbe ni asilimia 49.1, chini ya nusu. Maswali yake yalimfikia mwanahisabati Blaise Pascal, na barua za Pascal na mwanahisabati mwenzake Pierre de Fermat za mwaka 1654 ndizo zinazohesabiwa kuwa mwanzo wa somo hili.

"Mkeka wangu wote ni timu za uhakika."

Kijana ameweka timu kumi kwenye mkeka. Mwulize ana uhakika kiasi gani na kila moja. Tuseme anakwambia asilimia 80, na tukubali kwamba kasema kweli. Mwandikie: timu mbili, 64. Tatu, 51. Tano, 33. Kumi, 11. Kwa makadirio yake mwenyewe, mikeka tisa kati ya kumi itachanika. Na mkeka ukichanika kwa timu moja anasema "imebaki timu moja tu", akiamini alikuwa karibu. Hakuwa karibu. Kuchanika kwa timu moja au mbili ndiyo hali ya kawaida ya mkeka wa aina hiyo.

Chanzo ni kwamba kila mechi ikitazamwa peke yake inaaminika, na akili hupeleka imani hiyo kwenye jumla. Wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walilionyesha umbo jingine la kosa hili mwaka 1983 kwa mfano wa mwanamke waliyemwita Linda, aliyeelezwa kuwa mtetezi wa haki tangu chuoni. Watu wengi walisema ni rahisi zaidi Linda kuwa mfanyakazi wa benki *na* mwanaharakati wa wanawake kuliko kuwa mfanyakazi wa benki tu. Haiwezekani: kila mfanyakazi wa benki ambaye ni mwanaharakati yumo tayari ndani ya wafanyakazi wa benki. Masharti yakiongezeka hadithi hunoga, na uwezekano hushuka.

Kwa darasa lenye vijana wa kiume, mkeka unaingia akilini haraka kuliko Linda. Utumie.

"Walisema asilimia 70 mvua, haikunyesha. Wamekosea."

Anayesema hivi haoni uwezekano kama kipimo. Anauona kama utabiri wa ndiyo au hapana uliovaa nguo ya asilimia. Sabini kwake ni "ndiyo", thelathini ni "hapana", hamsini ni "hawajui". Cliff Konold, mtafiti wa Marekani, aliieleza tabia hii mwaka 1989, na ni rahisi kuikosa darasani kwa sababu mwanafunzi mwenye nayo anaweza kufanya mahesabu yote vizuri.

Kwetu kosa hili lina gharama ya mbegu. Tangu 1998 wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki hukutana kutoa mwelekeo wa misimu, na leo kazi hiyo inaratibiwa na ICPAC, kituo cha tabianchi kilichoko Kenya cha IGAD, jumuiya ya nchi za eneo hilo. Utabiri wao hutolewa kwa mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Kama hatungejua lolote, kila fungu lingekuwa na theluthi. Sasa chukulia eneo limepewa 50, 30, 20. Habari ikishapita redioni na kwenye mikutano ya kijiji, inabaki "mvua zitakuwa juu ya wastani". Zile 20 zimepotea njiani, nazo ndizo zinazosema kwamba katika misimu mitano yenye utabiri kama huu, mmoja utakuwa mkavu. Mkulima aliyeambiwa zote tatu anaweza kuweka sehemu ya shamba kwenye mtama au mbegu ya muda mfupi. Aliyeambiwa neno moja ataweka yote kwenye mahindi, na mwaka mmoja ukimwangusha hataamini tena.

Tiba ni daftari. Darasa liandike kila siku asilimia iliyotabiriwa na kilichotokea, kwa muhula mzima. Mwishoni wakusanye siku zote zilizopewa 70 na kuhesabu ngapi zilinyesha. Utabiri unapimwa kwa rundo, siku moja haiwezi kuuhukumu. Mwanafunzi aliyelifanya hili kwa mkono wake hasemi tena "wamekosea" kwa sababu ya Jumanne moja.

"Kipimo kina uhakika wa asilimia 99, basi kuna asilimia 99 kwamba ninaumwa."

Hapa nitakaa zaidi, maana hata wenye shahada huanguka hapa.

Sentensi mbili zinafanana kwa sura na zinatofautiana kwa maana. Ya kwanza: kati ya wenye maambukizi, 99 kati ya 100 kipimo huwakamata. Ya pili: kati ya waliokamatwa na kipimo, 99 kati ya 100 wana maambukizi. Asili zake ni watu tofauti kabisa. Ya kwanza ni sifa ya kipimo. Ya pili inategemea pia ni watu gani waliopanga foleni.

Usianze na fomula. Chukua karatasi, andika juu: *watu 10,000*. Chora mistari miwili kushuka. Tuseme katika jamii hiyo mtu 1 kati ya 100 ana maambukizi: kushoto andika 100, kulia 9,900. Kipimo kinawakamata asilimia 99 ya wenye maambukizi, na kinawasafisha asilimia 99 ya wasio nayo. Chini ya wale 100 andika 99 chanya, 1 hasi. Chini ya wale 9,900 andika 9,801 hasi, na 99 chanya. Sasa zungushia duara chanya zote: 99 na 99. Kati ya watu 198 walioambiwa "chanya", nusu hawana kitu.

Darasa litanyamaza. Waache wanyamaze. Kisha rudia na watu wengine: waliokuja kliniki wakiwa tayari na dalili, ambao tuseme 1 kati ya 10 ana maambukizi. Wenye maambukizi ni 1,000, chanya 990. Wasio nayo 9,000, chanya 90. Sasa 990 kati ya 1,080, karibu asilimia 92. Kipimo ni kilekile, watu wamebadilika.

Hili linaeleza jambo ambalo wengi wameliona bila kuelezwa: kwa nini ukipima Virusi vya UKIMWI na kipimo cha kwanza kikaonyesha chanya, hupewi majibu papo hapo, unapimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine. Chukua wale 198. Wapime upya kwa kipimo kingine chenye ubora uleule, ambacho makosa yake hayafuati makosa ya kile cha kwanza: wenye maambukizi 98 watatoka chanya tena, wasio nayo mmoja tu. Kutoka nusu tumefika 98 kati ya 99. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zote zitumie vipimo vitatu vyenye majibu chanya mfululizo kabla ya kumwambia mtu ana maambukizi, kwa sababu kiwango cha maambukizi kati ya wanaopimwa kimeshuka, na kinaposhuka, chanya za uongo huchukua nafasi kubwa zaidi kwenye lile duara.

Mwalimu, malizia kwa onyo: somo hili lisimfanye mtu adharau majibu yake. Chanya ya kwanza imempandisha mtu kutoka 1 kati ya 100 hadi 1 kati ya 2. Hiyo ni sababu ya kurudi kupima, na kurudi haraka.

Sura nyingine ya kosa hili ilimpeleka mtu jela. Uingereza, mwaka 1999, mama aitwaye Sally Clark alihukumiwa kwa kuwaua watoto wake wawili wachanga waliofariki ghafla. Daktari bingwa Roy Meadow aliiambia mahakama kwamba vifo viwili vya asili katika familia kama hiyo hutokea mara moja kati ya milioni 73. Alipata namba hiyo kwa kuzidisha 1/8,543 yenyewe kwa yenyewe. Kosa la kwanza: kuzidisha hivyo kunadai kwamba vifo viwili havihusiani, ilhali watoto wa tumbo moja wanashirikiana vinasaba, nyumba na malezi. Kosa la pili ni zito zaidi: hata kama namba ingekuwa sahihi, inahusu uwezekano wa vifo hivyo *kama mama hana hatia*. Haisemi lolote kuhusu uwezekano wa mama kutokuwa na hatia *baada ya vifo hivyo*. Mama kuua watoto wake wawili nako ni jambo la nadra mno. Ilibidi nadra mbili zilinganishwe. Chama cha watakwimu cha Uingereza, Royal Statistical Society, kilipinga hadharani matumizi ya namba hiyo mwaka 2001. Sally Clark aliachiwa Januari 2003, baada ya kugundulika pia ushahidi wa maabara ambao haukuwa umewekwa wazi. Alifariki 2007.

Tiba ya mdomoni: kila unaposikia asilimia, malizia kwa "kati ya wale ambao…". Asiyeweza kumalizia sentensi hiyo bado hajajua anazungumzia nini.

"Kilichokwisha kutokea hakiwezi kubadilika."

Swali hili ni la mtafiti Ruma Falk, nami nalipenda kwa sababu halihitaji vifaa. Mfuko una gololi nne, mbili nyeupe, mbili nyeusi. Chota moja, ifumbate mkononi bila kuitazama. Chota ya pili: ni nyeupe. Uwezekano gani ile iliyo mkononi ni nyeupe?

"Nusu," watasema, "maana ilipochotwa zilikuwa mbili kwa mbili, na ya pili haiwezi kurudi nyuma kuibadilisha." Kweli, haiwezi kuibadilisha gololi. Inabadilisha tunachokijua. Nyeupe moja iko mezani. Iliyo kwenye ngumi ni mojawapo ya tatu nyingine, na kati ya hizo nyeupe ni moja. Jibu ni 1/3.

Kosa hili lina mizizi kwenye namna tunavyochora matawi, kutoka kushoto kwenda kulia, kufuata saa, mpaka mwanafunzi anaamini kwamba "ikiwa" maana yake ni "baada ya". Mpe angalau swali moja la kurudi nyuma katika kila zoezi.

"Tuko wachache, haiwezekani tukagongana siku ya kuzaliwa."

Watu 23 wanatosha kufikisha uwezekano zaidi ya nusu kwamba wawili wanashiriki tarehe. Darasa la 50, ni asilimia 97. Anayeshangaa amejihesabu yeye dhidi ya wenzake. Jozi zote za watu 23 ni 253, na za watu 50 ni 1,225. Fanya kwa daftari la mahudhurio, dakika tano zinatosha.

Swali lenyewe lina ufa

Wakati mwingine hitilafu iko kwa aliyetunga swali, na hapa nasema na walimu wenzangu. Mfano maarufu ni wa milango mitatu: gari liko nyuma ya mmoja, mbuzi nyuma ya miwili. Unachagua mmoja, mtangazaji anafungua mwingine na kuonyesha mbuzi, anakuuliza kama utabadilisha. Mwandishi wa safu Marilyn vos Savant alijibu mwaka 1990 kwenye jarida la Marekani la *Parade* kwamba kubadilisha kunakupa 2/3. Alipokea barua zinazokadiriwa kufika 10,000, karibu 1,000 kati yake kutoka kwa watu wenye shahada ya uzamivu, wengi wakimwambia amekosea. Alikuwa sahihi.

Ila alikuwa sahihi kwa sharti moja: mtangazaji anajua gari liko wapi, na kila mara hufungua mlango wenye mbuzi. Kama amefungua kwa kubahatisha na ikatokea tu kuwa mbuzi, jibu linakuwa nusu. Umeona kitu kilekile, mbuzi mlangoni, na uwezekano umebadilika kwa sababu ya namna ulivyofikia kukiona. Mwalimu anayelitoa swali hili bila kutaja sharti hilo, kisha akampa sufuri aliyeandika nusu, amemwonea mwanafunzi.

Hali ni ileile kwa "familia ina watoto wawili, mmoja ni wa kiume, uwezekano gani wote ni wa kiume?" Kama familia ilichaguliwa kati ya zile zote zenye angalau mvulana mmoja, ni 1/3. Kama ulikutana na mtoto mmojawapo njiani ukakuta ni wa kiume, ni 1/2. Kabla ya kuchapa mtihani, soma swali lako na ujiulize kama limesema *habari hii imepatikanaje*. Kama halijasema, ongeza sentensi.

Kuhakiki kama hitilafu imeondoka

Usihakiki kwa kurudia swali lilelile lenye namba mpya; hilo hupima kukariri. Mpe swali ambalo fomula haisaidii kwa haraka na hisia huvuta upande mbaya. Ninalolipendekeza ni la Kahneman na Tversky la mwaka 1972. Hospitali kubwa huzaliwa watoto 45 kwa siku, ndogo 15. Kwa mwaka mzima kila moja iliandika siku ambazo zaidi ya asilimia 60 ya waliozaliwa walikuwa wavulana. Ipi iliandika siku nyingi zaidi, au ni karibu sawa?

Wengi hujibu "sawa", kwa kuwa asilimia ni ileile. Ukikokotoa, ndogo hutegemewa kuandika siku kama 55, kubwa kama 25. Lakini usisahihishe kwa neno "ndogo" peke yake, maana mmoja kati ya watatu atalipata kwa kubahatisha. Mwombe aandike kwa nini. Akiandika kwamba watoto 15 huyumba kwa urahisi kuliko 45, au akikumbusha jinsi kundi lake lilivyopata michanganyiko 7 kati ya 20 na darasa zima likakaribia 500 kati ya 1,000, mpe alama zote. Akiandika "ndogo, kwa sababu hospitali ndogo hazina wataalamu", rudi naye kwenye sarafu.